Shajara ya mradi wa daftari la kazi za nyumbani, kaya sita za Uyole

Jumapili, Machi 2

Naanza kuandika leo na sababu ni kitabu cha faini. Mimi ndo katibu wa kikundi chetu cha hisa hapa Uyole, Mbeya, tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni, anayechelewa analipa shilingi 500 na sheria hiyo tuliipitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono. Sasa wiki iliyopita nilikuwa nafunga mahesabu ya mwaka, nikapiga jumla ya faini, nikakuta kitu ambacho nimekiandika kwa mkono wangu mwaka mzima bila kukiona, kwamba karibu faini zote zimelipwa na wanawake. Tuko wanaume kumi na moja na wanawake kumi na nne, na mwanaume aliyelipa faini ya kuchelewa ni mmoja tu, mara mbili, na moja ya hizo siku alitokea msibani. Mke wangu kalipa mara tisa. Mara tisa, na mimi ninayemwandikia faini nimetoka nyumba moja na yeye, nimeoga maji aliyonichemshia, nimevaa shati alilopiga pasi, nikatangulia.

Nikamuuliza, "Mama, hivi Jumapili huwa unachelewa nini?" Akanijibu bila hasira kabisa, "Baba, wewe unatoka ukishashiba. Mimi natoka vyombo vikishaisha." Hiyo sentensi imenikaa kichwani wiki nzima.

Leo nimelisema kwenye kikao. Kulikuwa na kelele kidogo lakini kaya sita zimekubali tufanye mradi. Wiki mbili za kwanza hatubadilishi chochote, tunaandika tu: kazi gani, nani kaifanya, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Baada ya hapo tunakaa, tunasoma, tunagawana upya. Madaftari ni kaunta buku sita, zimenunuliwa kwa hela ya faini hiyo hiyo, nimeona ni haki hela yao iwarudie hivyo.

Alhamisi, Machi 6

Nimezunguka kaya zote sita jioni. Shida ya kwanza nilitegemea itatoka kwa wanaume, kumbe imetoka kwa wanawake, hawaandiki kazi zao. Mama wa kaya ya pili alikuwa na mistari minne tu kwa siku nzima, kupika, kufua, kudeki, kulala, nikamuangalia ana mtoto mgongoni, mkono mmoja anachambua maharage, mguu anasogeza kuku asiingie ndani, na jiko la mkaa linataka kuzima na yeye ndo anajua linataka kuzima. Nikamwambia mama, na hayo unayofanya sasa hivi? Akacheka, "Hiyo nayo kazi?"

Maji ya kuoga hakuna kaya hata moja iliyoyaandika. Sisi wa huku tunajua asubuhi ya Uyole ilivyo, hata huu mwezi wa tatu hujafika Juni, huwezi kumwogesha mtoto maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi. Watu watano ni masufuria mawili makubwa, uwashe jiko, usubiri, ugawe ndoo kwa ndoo, uchanganye, umwite kila mtu kwa zamu. Kwangu ni kama saa nzima kila siku kabla jua halijatoka na mimi miaka yote nilikuwa naikuta tu ndoo bafuni inafuka mvuke.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu, mwenye kuandika awe mtoto anayejua kuandika. Kwangu ni binti yangu wa darasa la sita. Huyu haachi kitu.

Jumapili, Machi 9

Nataka niandike habari ya unga kwa kirefu, maana kabla ya huu mradi mtu angeniuliza nani anashughulika na unga nyumbani kwangu ningesema ni mimi, na ningesema kwa moyo mweupe. Mimi ndo nabeba kiroba kwenye pikipiki mpaka mashineni, mimi ndo nalipa, mimi ndo narudi nao. Ukiangalia daftari la binti, hiyo safari ni dakika arobaini.

Sasa soma kabla ya hizo dakika arobaini. Jumatatu mama kaangalia pipa la unga kaona umebaki wa siku tano, hilo peke yake ni jambo, mimi sijawahi kuchungulia hilo pipa. Jumatatu hiyo hiyo usiku kapima debe la mahindi, kakaa kwenye taa na binti wanachagua yaliyooza na vijiwe. Jumanne yakaenda kukobolewa, hapo alimtuma kijana wa bodaboda sio mimi, pumba zikarudi za kuku. Jioni yakalowekwa. Yakakaa mpaka Alhamisi, katikati hapo kabadilisha maji yasitoe harufu. Alhamisi kaosha, kachuja, kaanika kwenye turubai. Na huu ni mwezi wa mvua, yani hilo turubai Alhamisi na Ijumaa limetolewa na kuingizwa mara saba, binti kahesabu, na katikati ya hizo mara saba kuna kufukuza kuku na kugeuza mahindi yakauke sawasawa, na huwezi kwenda mbali kwa sababu wingu la Mbeya halipigi hodi. Ijumaa usiku yalikuwa hayajakauka vizuri, yakaingia ndani yakatandazwa sebuleni. Jumamosi jua likatoka, yakamaliziwa. Saa tisa Jumamosi nikaitwa, "Baba, kiroba kiko tayari." Nikapanda pikipiki.

Siku sita za mama na dakika arobaini zangu, alafu tukikaa mezani ni "unga alioleta baba". Watoto wangu wanavyosema hivyo ni kwa sababu ndivyo wanavyoona, kiroba kinashuka kwenye pikipiki yangu.

Na hapo mke wangu ana biashara yake. Mara tatu kwa wiki anaamka saa tisa na nusu usiku kufuata ndizi Kiwira, anarudi kuuza hapa Uyole. Kwa hiyo siku hizo turubai linaangaliwa na binti akitoka shule. Kijana wangu wa kidato cha pili yuko nyumbani muda huo huo na jina lake kwenye daftari wiki nzima limeonekana mara mbili: kaenda dukani kununua mkate, kaenda kuchaji simu.

Jumapili, Machi 16

Kikao cha kusoma madaftari. Tuliamua kila mwanaume asome daftari la nyumba yake mwenyewe kwa sauti, asisomewe. Hili wazo lilitoka kwa mwenyekiti wetu ambaye ni mama mtu mzima na nampongeza, kwa sababu ukisoma kwa mdomo wako huwezi kusema umesingiziwa.

Baba wa kaya ya tano alisoma kurasa mbili akaacha. Akasema, na nimeandika maneno yake, "Mimi sikatai, lakini mimi nimejenga, nalipa ada, nanunua mbolea. Hii nyumba ni jasho langu." Kuna wanaume wanne wakaitikia. Na mimi sioni kama ni hoja ya kupuuza, mwanaume anayebeba matofali na kulipa ada anachoka kweli. Lakini mama mmoja kwenye kikundi ni msaidizi wa kisheria wa kata, akasimama akaeleza kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tunakijua. Kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Yani kupika, kulea na kufua kunahesabika kama sehemu ya hiyo nyumba kujengwa. Akasema ukweli wote pia, kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake hakushinda, lakini msimamo ule ulibaki na mahakama zinautumia mpaka leo. Miaka zaidi ya arobaini! Na sisi tunabishana Uyole kama jambo jipya.

Mzee wa kaya ya nne, mstaafu wa reli ya TAZARA, akaongeza lake. Kwamba Azimio la Arusha la Februari 1967 lilishasema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu, na wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Alafu akasema la kwake mwenyewe, ambalo limenigusa kuliko Azimio. Akiwa kijana alipangiwa kazi Mlimba, walikaa wanaume watupu kwenye kota, na walipika kwa zamu, walifua, walideki, yeye alikuwa anasifika kwa kupika maharage. "Nilipooa nikaacha siku ile ile," akasema. "Hakuna aliyeniambia niache. Sijui hata kwa nini niliacha." Mke wake alikuwa amekaa nyuma ya chumba, wameoana zaidi ya miaka thelathini, akasema hakuwahi kujua mume wake anajua kupika maharage.

Tukakaa kimya kidogo pale.

Tulipofika kwenye kugawana, mwanzoni kila mtu alitaka kusema "nitamsaidia kuosha vyombo", "nitamsaidia mtoto". Mwenyekiti akakataa. Akasema ukisaidia maana yake kazi bado ni ya mwenzako, wewe unamshikia tu, ukichoka unamrudishia. Tukakubaliana kila mwanaume achukue kazi nzima, kuanzia kujua kama inatakiwa kufanyika mpaka kuimaliza, mke asikumbushe na asikague. Mimi nimechukua unga wote na maji ya asubuhi. Kijana wangu vyombo vya jioni, kila siku. Mzee wa TAZARA maharage, bila shaka. Baba wa kaya ya tano kachukua kufua nguo zake mwenyewe na za watoto wa kiume, alisema ataanzia hapo, tukapokea.

Jumanne, Machi 18

Siku ya pili ya maji. Naamka saa kumi na moja. Nimegundua mkaa ukiwa na unyevu unakula dakika ishirini zaidi, inabidi uuingize ndani usiku uliotangulia, mama alikuwa anafanya hivyo na mimi nilidhani gunia la mkaa linakaa tu pale karibu na mlango.

Leo mwanangu mdogo, wa miaka miwili na nusu, nimemwogesha mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Naandika hivyo kwa uchungu.

Jumapili, Machi 23

Kaya ya tatu imesimama. Baba wa pale alikuwa amechukua kupika chakula cha jioni siku tatu kwa wiki, kafanya siku nne, mama yake mzazi anayekaa nyumba ya jirani akamkuta anasonga ugali, mke kakaa anamnyonyesha mtoto. Yule bibi hakusema kitu pale. Kesho yake mtaa mzima ukawa unasema kijana wa watu kawekewa limbwata. Mwanamke kaja kwangu mwenyewe usiku, na sio mume, kaomba jina lao litolewe kwenye mradi. Kasema, "Kaka, mimi uchovu nimeuzoea, huu wa kusemwa sijauzoea."

Nilitaka nimbishie lakini mwenyekiti akaniambia niache, na nimeelewa baadae. Anayebeba gharama ya maneno ya mtaa ni yeye, mume wake watamwonea huruma, yeye watamwita mchawi. Mimi na madaftari yangu silipi chochote hapo. Tumetoa jina. Lakini mume wake kaniambia pembeni kwamba bado anapika, ila anafunga mlango wa jikoni.

Kaya ya kwanza wamepata mtoto Ijumaa, wa kike, mama na mtoto wazima. Baba ameajiriwa kwenye kampuni hapa mjini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, na baba siku 3. Siku 3 zimeisha leo. Mke wake hajaajiriwa, anashona nguo nyumbani, kwa hiyo na hizo siku 84 hana, na mama yake yuko Makete hawezi kufika kabla ya wiki ijayo. Mwanaume kaniuliza mradi unasemaje hapo. Mradi hauna cha kusema, tumepanga wanaume watatu wa kikundi tumpelekee maji na kuni kwa zamu mpaka bibi afike, na yeye akitoka kazini anafua nepi na kupika uji. Anasema uji wa ulezi unamshinda kwa mabonge, mke wangu kamwelekeza kwa simu, akoroge unga kwenye maji ya baridi kwanza.

Jumamosi, Machi 29

Baba mzazi kaja kutoka Rungwe, kaleta maparachichi na maziwa ya mgando.

Kwa wasiotujua, sisi Wanyakyusa tunaoshika mila, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hawapeani mikono, hapiti mbele yake, hamwandalii mezani. Wengi wameacha siku hizi, baba hajaacha na mimi na mke wangu tunamheshimu. Kwa hiyo akija, mimi ndo naleta maji ya kunawa, mimi ndo naweka chakula, mimi ndo natoa vyombo. Miaka kumi na sita nimefanya hivyo na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia "wewe umeolewa". Nimekuja kuliona leo, wakati nashika sahani, kwamba mila ile ile wanayoitumia kunizuia jikoni ndo imenifanya nimhudumie mwanaume mwenzangu miaka yote na ikaitwa heshima.

Leo nilipotoa vyombo sikuishia mlangoni, nikaenda navyo bombani nikaviosha, maana kijana alikuwa shule kwenye masomo ya ziada. Baba akaniangalia muda mrefu.

"Mkeo anaumwa?"

"Hapana baba, mzima. Alfajiri alikuwa Kiwira, amelala kidogo."

Nikamweleza mradi wote, madaftari, unga, mara saba za turubai. Nilitegemea anigombeze. Akasema enzi zao kugeuza udongo kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume na wavulana, na kukamua ng'ombe ni wanaume, mwanamke alikuwa na kazi zake na mwanaume zake na hakuna aliyekaa. Akanyamaza. Alafu akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, sasa hivi kule kijijini ukipita asubuhi unakuta nani shambani? "Wamechukua jembe letu," akasema, "na sisi hatujachukua kitu chao." Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Ila jioni alipomaliza maziwa kikombe chake alikitoa mwenyewe mpaka bombani.

Jumapili, Aprili 6

Unga wa kwanza wangu umeharibika. Nimeloweka Jumatano, nimesahau kubadilisha maji, nikaanika Ijumaa mvua ikanikuta niko kazini, hakuna wa kuingiza kwa sababu nilishawaambia wote hii ni kazi yangu wasiiguse. Mahindi yakavunda. Debe zima. Mke wangu aliona wingu linakuja, yuko nyumbani, na hakuingiza. Nilipouliza akasema, "Tulikubaliana nisikumbushe." Nikakasirika usiku, asubuhi nikatulia. Ni kweli tulikubaliana. Ila tumekaa tukarekebisha, kukumbushana marufuku ila kuokoa chakula mvua ikinyesha ni wajibu wa kila aliye nyumbani, na hilo limeingia kwenye kanuni za kaya zote.

Kijana hajakosa vyombo hata siku moja tangu tuanze, isipokuwa sufuria la ugali anapenda kuliacha limelowekwa mpaka asubuhi. Dada yake anamwandika kila mara. Muda ambao binti alikuwa anaosha vyombo sasa anafanya hesabu, na leo kwa mara ya kwanza nimemkuta amekaa tu nje na wenzake, hana chochote mkononi, wanapiga stori. Nilisimama dirishani nikamwangalia. Sikumbuki kumuona hivyo tangu awe na miaka saba.

Jumapili, Aprili 20

Leo ni Pasaka, kikao kilikuwa kifupi. Kitabu cha faini: wiki hizi tano zilizopita wanawake wamelipa mara nne, wanaume mara tatu. Mke wangu hajalipa. Mmoja wa wanaume hao watatu ni baba wa kaya ya tano, kachelewa leo kwa sababu alikuwa anaanua nguo mvua inakuja. Kuna aliyependekeza asamehewe kwa kuwa sababu yake ni nzuri. Wanawake wakakataa kwa sauti moja, wao sababu hizo hizo hawakusamehewa mwaka mzima. Kalipa 500 yake. Alafu mwenyekiti akaleta hoja kwamba kikao kihamie saa kumi na moja, kila mtu awe amemaliza, ikapita bila kupingwa.

Kaya ya tatu wameomba kurudi, ni mume aliyekuja kuomba safari hii, na kamleta mama yake. Yule bibi hakuongea sana, alitaka tu aone hayo madaftari. Hajui kusoma, kwa hiyo binti yangu alimsomea la nyumba ya mwanae tangu mwanzo, mstari kwa mstari, ikachukua karibu nusu saa. Mwishoni bibi aliuliza kama na yeye anaweza kupewa daftari, mjukuu amwandikie. Kaunta buku zilikuwa zimeisha. Kesho nanunua nyingine mbili, nikitoka huko napitia mashineni kukoboa debe jipya la mahindi, na unga kwenye pipa nimeangalia leo asubuhi, umebaki wa siku sita.